Mpira wa mkojo: usijaze puto kabla hujajua ncha iko wapi

"Sista, baba wamemwekea mpira. Ndiyo kusema figo zimekufa?"

Swali hili huulizwa mlangoni mwa wodi karibu kila wiki, na mara nyingi mwanafunzi wa uuguzi aliyesimama kando hutazama viatu vyake, maana naye anauogopa mpira uleule kwa sababu zake. Ndugu wa mgonjwa wanadhani ni dalili ya mwisho. Mwanafunzi anadhani kibarua kigumu ni kuusukuma uingie. Wote wanaogopa pasipostahili. Majeraha mabaya zaidi ya mpira wa mkojo hutokana na mililita 10 za maji zilizoingizwa kwenye puto lililo karibu na ncha yake sekunde chache mapema, na siku nyingi za kuusahau mpira mwilini. Hayo mawili ndiyo nitakayoyakalia humu. Mengine nitayapitia kwa haraka.

Tuanze na majina. Mpira wa mkojo, au katheta kama unavyoandikwa kwenye faili, ni mrija laini unaopitishwa hadi ndani ya kibofu ili mkojo utoke wenyewe. Figo hutengeneza mkojo, kibofu huuhifadhi, na mrija wa mkojo huutoa nje. Mzee ambaye tezi dume imevimba na kubana njia anaweza kuwa na figo nzima kabisa: bomba la kutolea maji limeziba, kisima hakina kosa. Ila maji yasipotoka hurudi nyuma, na yakikaa muda mrefu figo nazo huumia. Kwa hiyo jibu la yule ndugu ni kwamba mara nyingi mpira umewekwa ili figo zisife. Figo zilizoshindwa kazi huhitaji mashine ya kusafisha damu, na hilo ni somo jingine.

Sasa urefu wa njia. Kwa mwanamke mrija wa mkojo una sentimita 4 hivi, umenyooka, na mlango wake uko juu kidogo ya uke. Kwa mwanaume una sentimita 20 hivi, umejipinda mara mbili kama herufi S, unapita kwenye msuli unaozuia mkojo, kisha unapenya katikati ya tezi dume kabla ya kufika kibofuni. Shika tarakimu hizi mbili, 4 na 20. Tutazirudia.

Aina na namba

Ukifungua kabati la wodi utakutana zaidi na aina mbili. Ya kwanza ni Nelaton, mrija mtupu wenye njia moja, bila puto. Unaingizwa, mkojo unatoka, unachomolewa. Hutumika kuchukua mkojo mara moja, na hutumiwa na watu ambao kibofu kimepoteza mawasiliano na ubongo, kwa mfano walioumia uti wa mgongo, wanaojiingizia wenyewe mara kadhaa kwa siku. Watu husikia hili na kushangaa: mtu ajiingizie mwenyewe, nyumbani? Ndiyo. Mwaka 1972 daktari Jack Lapides wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, na wenzake walionyesha kwamba kujitoa mkojo kwa mikono iliyonawa vizuri, bila vifaa vya chumba cha upasuaji, kunamsaidia mgonjwa kuliko kukaa na kibofu kilichojaa.

Ya pili ni Foley, iliyopewa jina la daktari Mmarekani Frederic Foley, aliyeibuni katika miaka ya 1930. Hii ndiyo inayobaki mwilini. Ina njia mbili ndani ya mrija mmoja: pana ya mkojo na nyembamba ya kupeleka maji kwenye puto dogo karibu na ncha. Puto likijaa ndani ya kibofu linakuwa kama fundo kwenye mwisho wa uzi, halipiti tena kwenye tundu. Pembeni kuna vali inayoruhusu maji kuingia na kuyazuia yasirudi, sawa na ile ya tyubu ya baiskeli. Iko pia Foley ya njia tatu. Njia ya tatu huingiza maji ya kusafishia kibofu chenye mabonge ya damu, hasa baada ya upasuaji wa tezi dume.

Zipo nyingine ambazo mwanafunzi atazisikia: yenye ncha iliyopinda kwa ajili ya tezi dume kubwa, ambayo huachiwa aliyezoea, ile inayopitishwa na daktari kwenye ngozi chini ya kitovu moja kwa moja hadi kibofuni, na ile ya mfano wa kondomu inayovishwa nje ya uume bila kuingia popote. Hii ya mwisho hudharauliwa bure. Mwanaume anayejikojolea lakini njia yake haijaziba angepaswa kufikiriwa hiyo kwanza.

Kinachochanganya wengi ni namba. Mpira wa 16 una maana gani? Kipimo hiki kilitoka kwa Charrière, fundi wa vyombo vya upasuaji jijini Paris katika karne ya 19, na kila namba moja ni theluthi ya milimita ya upana wa mrija. Namba 12 ina milimita 4, namba 18 ina milimita 6. Namba ikipanda mrija unanenepa, kinyume na sindano, ambazo namba ikipanda zinakuwa nyembamba. Mwanafunzi anayetoka kuweka dripu akaingia kuweka mpira hujikanganya hapo. Mwanamke mzima humtosha 12 au 14, mwanaume 14 au 16. Rangi ya mwisho wa mrija husaidia kutambua haraka: nyeupe ni 12, kijani 14, chungwa 16, nyekundu 18. Kanuni ni kuchagua mwembamba kuliko yote itakayopitisha mkojo vizuri. Mipira ya mpira asilia huachwa kwa siku chache au wiki chache kulingana na ilivyopakwa, ya silikoni huweza kufika wiki 12. Muulize mgonjwa kama glovu zinamwasha kabla hujachagua, maana mpira asilia ndio malighafi ya glovu hizo.

Kabla ya kufungua pakiti

Swali la kwanza kabisa ni hili: kwa nini? Mkojo uliozuilika, mgonjwa mahututi ambaye kila saa mkojo wake unapimwa, baadhi ya upasuaji, kidonda kikubwa cha makalioni kinacholowa, uchungu wa kujifungua uliokaa mno. Hizo ni sababu. Uzee si sababu. Shuka kulowa pekee si sababu. Najua wodi zetu zilivyo, muuguzi mmoja usiku na vitanda vimejaa hadi korido, na najua mpira unavyotamanisha pale shuka safi zimekwisha. Lakini kila siku mpira unapokaa, uwezekano wa bakteria kuingia kwenye mkojo huongezeka kwa asilimia 3 hadi 7, na ukifika mwezi mmoja karibu kila mgonjwa anao. Shuka unaweza kuifua.

Kwa mama aliyekaa na uchungu siku mbili, hesabu hugeuka. Kichwa cha mtoto kilichokwama hukibana kibofu kwenye mfupa wa nyonga hadi nyama inakosa damu, na siku chache baadaye hufa na kuacha tundu kati ya kibofu na uke. Hiyo ndiyo fistula, ambayo hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam huitibu. Mpira uliowekwa mapema na kuachwa wiki mbili hivi, au zaidi kama tundu limeshatokea, hukipumzisha kibofu, na tundu dogo bichi huweza kujifunga lenyewe. Mkunga anayeutoa siku ya pili kwa sababu "mama anatembea vizuri" anaweza kuwa amefungua mlango wa msiba.

Na kuna mgonjwa ambaye hutakiwi kumgusa kabla daktari hajamwona: aliyeanguka na bodaboda, nyonga inamuuma, na kwenye tundu la mkojo kuna damu. Mrija wake huenda umepasuka, na mpira unaweza kuugeuza ufa kuwa mkato kamili.

Baada ya hapo ongea na mtu. "Shikamoo mzee. Nataka nikuwekee mpira ili mkojo utoke, tumbo lishuke. Utasikia baridi, kisha utajisikia kama unataka kukojoa. Ukiumia niambie nisimame. Naruhusiwa?" Sekunde 20 tu. Vuta pazia, na kama hakuna pazia mwombe ndugu ashike kanga. Mzee aliyeaibika hukaza misuli yote, na msuli unaozuia mkojo ukikaza utahangaika nawe.

Mikono miwili, kazi mbili

Neno linalotawala kazi hii ni steraili, yaani kitu kisicho na kijidudu hata kimoja. Safi na steraili havilingani: sahani iliyooshwa ni safi, lakini pakiti iliyofunguka kwa bahati mbaya jana, hata ikimeremeta, si steraili tena. Unanawa, unapanga vifaa, unavaa glovu steraili, na kuanzia hapo mikono yako inagawana kazi. Mkono usiotumia sana unashika mwili wa mgonjwa, na ukishaugusa umechafuka, haugusi kifaa chochote wala hauachii mpaka mpira uwe umeingia. Mkono mwingine unashika vifaa pekee. Jikoni tunalijua hili: mkono ulioshika samaki mbichi hauchanganyi kachumbari.

Kwa mwanamke, tenganisha midomo ya uke, safisha kutoka mbele kwenda nyuma, kila kitambaa kwa mpanguso mmoja kisha kitupwe. Tafuta tundu dogo kati ya kinembe na uke. Kwa wazee huwa limejificha ndani kidogo. Ingiza sentimita 5 hadi 7, mkojo ukitoka endelea nyingine 3 hadi 5. Umeingia ukeni? Hutokea kwa kila mtu. Usiuchomoe, uache pale uwe alama ya mlango usio wake, kisha chukua mpira mpya. Wanaouchomoa wakajaribu tena na uleule wanapeleka vijidudu vya uke kibofuni, na mara nyingi wanaangukia shimo lilelile.

Kwa mwanaume, kama ana govi lirudishe nyuma na usafishe. Weka jeli ya ganzi, mililita 10, ndani ya tundu lenyewe. Kisha subiri. Dakika 3 hadi 5, tazama saa. Hapa ndipo haraka inapowashinda wengi: jeli inawekwa na mpira unafuata papo hapo, halafu tunashangaa mzee analia. Jeli haitelezeshi tu, inatia ganzi na kufungua njia, na ganzi haina miguu ya kukimbia. Inua uume wima kutoka mwilini ili ile S inyooke, sukuma polepole. Karibu na msuli utahisi ugumu kidogo. Simama hapo, mwambie avute pumzi ndefu au afanye kama anakojoa, na uendelee anapolegea. Ukigoma kabisa, acha. Nguvu haijawahi kufungua tezi dume. Nguvu hutengeneza njia ya uongo kwenye nyama, na mpira wa kesho utaifuata njia hiyo. Mwisho, rudisha govi mahali pake. Likiachwa nyuma huvimba na kukaba kichwa cha uume, na mgonjwa aliyekuja kwa mkojo huondoka na tatizo la pili.

Mililita kumi

Sasa turudi kwenye 4 na 20.

Mwanafunzi anaingiza mpira kwa mzee, matone ya mkojo yanatoka, moyo unatulia, bomba la sindano linabonyezwa. Kosa. Matundu ya mkojo yako nchani, puto liko nyuma yake. Mkojo unapoanza kutoka ncha imeingia kibofuni, lakini puto linaweza kuwa bado limo ndani ya tezi dume. Mililita 10 za maji hapo hazina pa kwenda. Mrija hupasuka, damu hutoka, na miezi baadaye kovu huziba njia ya mkojo. Ndiyo maana kwa mwanaume unausukuma mpira mpaka pale unapogawanyika matawi mawili, karibu yote uingie, hata kama mkojo ulishaanza kutoka sentimita kadhaa nyuma. Mwaka 2009 wakala wa usalama wa wagonjwa wa Uingereza ulitoa tahadhari kuhusu mipira mifupi ya wanawake iliyowekewa wanaume: haikufika kibofuni, puto likajazwa njiani. Angalia urefu kwenye pakiti kabla ya kuirarua.

Na kama hakuna mkojo kabisa? Usijaze. Labda jeli imeziba matundu, labda kibofu kitupu, labda ncha imejikunja. Ngoja dakika moja mbili, mwambie akohoe, bonyeza taratibu chini ya kitovu. Hakuna kitu, ita mkubwa wako.

Ukijaza, tumia maji steraili kwa kiasi kilichoandikwa kwenye mpira wenyewe, pembeni ya vali. Hewa huelea, na maji ya chumvi huweza kuganda na kuziba kijinjia cha puto, siku ya kutoa maji yakagoma kutoka. Jaza polepole ukimtazama mgonjwa usoni. Akikunja uso, simama, vuta maji yote nje, sukuma mpira mbele, anza upya. Mgonjwa asiye na fahamu hatakwambia, wala aliyepooza chini ya kiuno, kwa hao unamwamini mkono wako: bomba la sindano likigoma hata kidogo, puto liko pabaya. Puto likijaa vuta mpira taratibu mpaka likae, kisha ufunge kwenye paja au chini ya tumbo usiwe unavutwa kila akigeuka.

Yanayosemwa wodini

"Mkojo unavuja pembeni, weka mpira mkubwa zaidi." Hapana. Mara nyingi mrija umejikunja, mfuko umejaa, kibofu kinakakamaa kwa kusumbuliwa na puto, au mgonjwa hajaenda haja kubwa siku nne na kinyesi kinabana. Mpira mnene au puto lenye maji mengi huongeza kukakamaa kwa kibofu, na kuvuja kunazidi.

"Toa nusu lita, bana, subiri, toa nyingine." Wengi tulifundishwa hivi kwa mgonjwa ambaye kibofu kimejaa lita moja na zaidi, kwa hofu kwamba shinikizo la damu litaanguka ghafla. Majaribio yaliyolinganisha njia hii na ile ya kuacha mkojo wote utoke kwa mara moja hayakuona faida ya kubana. Kinachohitaji macho yako ni saa zinazofuata, kwani figo zilizobanwa muda mrefu zikifunguliwa huweza kumwaga mkojo mwingi kupita kiasi. Pima kila saa, pima presha, na ufuate utaratibu wa hospitali yako.

"Ana mpira, mpe antibayotiki asipate UTI." Bakteria wa kwenye mpira hujijengea utando kama ukoga wa meno, na dawa hupita juu yake. Kinachosaidia ni mfuko kukaa chini ya kibofu daima, usiguse sakafu, na kiungio kisifunguliwe ovyo. Mkojo hutiririka kwa uzito wake, kama petroli inayonyonywa kwa mpira kutoka kwenye tenki: ukiinua dumu, inarudi. Mgonjwa anayepanda daladala na mfuko mapajani anarudisha mkojo wa jana kibofuni. Aufungie mguuni, chini ya goti, chini ya kanga au suruali.

"Mpira unamaliza nguvu za kiume." Mpira uliowekwa vizuri haugusi mishipa inayohusika. Ugonjwa uliomleta, kisukari au tezi dume, ndio unaoweza kuwa na mkono. Mwambie mzee hivyo mwenyewe, faraghani, kwa sababu hatauliza mbele ya wanawe.

Na moja linalowachanganya akina mama: wakati mwingine mpira wa Foley huwekwa kwenye mlango wa kizazi ili puto liusaidie ufunguke na uchungu uanze. Ni kifaa kilekile, kazi tofauti, na hakina uhusiano na mkojo wake. Elezeni, maana amezoea kusikia mpira ukitajwa kwa wagonjwa wa mkojo.

Kuutoa

Kabla ya kutoka kitandani siku ile ya kuweka, andika: tarehe na saa, namba ya mpira, mililita za puto, mkojo uliotoka na rangi yake, na siku unayotarajia kuutoa. Hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa, na ndiyo maana mipira hukaa wiki tatu bila mtu kukumbuka sababu. Kila asubuhi kwenye raundi uliza kwa sauti kama bado unahitajika.

Hakuna haja ya kuubana mpira siku nzima kabla ya kuutoa ili "kufundisha kibofu". Chomeka bomba la sindano kwenye vali na uache maji yarudi yenyewe, kisha linganisha na namba uliyoandika. Uliweka 10, zimerudi 6? Bado kuna puto, usivute. Likigoma kabisa usikate mpira kwa mkasi wala kulijaza mpaka lipasuke, mwite daktari. Ukitoka, mpe maji ya kunywa, mwonyeshe choo kilipo, na uandike saa. Asipokojoa ndani ya saa 6 hadi 8, au tumbo likianza kujaa kabla ya hapo, rudi kitandani kwake na umpapase chini ya kitovu.